Picha inapozua ugomvi: Jinsi kamusi elezo ya mtandaoni inavyoamua bila hakimu

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka kila wiki hahitaji kuambiwa kwamba mzigo bila karatasi haufiki mbali. Mafuta yake ya mawese yanaweza kuwa safi kuliko ya mtu yeyote kwenye foleni, lakini afisa wa forodha akiuliza yametoka wapi, hamjibu "yaonje". Anamwonyesha cheti. Ndiyo maana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa kwa wachuuzi ambao mzigo wao hauzidi dola 2,000 za Marekani.

Picha nazo siku hizi zinavuka mipaka, tena bila kupanga foleni. Iliyopigwa Kigoma asubuhi inaonekana Kampala, Muscat na Toronto kabla ya adhuhuri. Tatizo ni kwamba nyingi zinavuka bila karatasi. Hajulikani aliyezipiga, haijulikani lini, wala zinamwonyesha nani.

Mahali pamoja ambapo picha huulizwa karatasi zake ni Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa Januari 15, 2001, na ambayo ilipata tawi la Kiswahili mwaka 2003. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wahariri wake wa kujitolea. Hatulipwi, wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso, na hakuna mhariri mkuu wa kugonga meza na kusema mjadala umefungwa. Hata hivyo tunagombana mara kwa mara kuhusu picha, na magomvi mengi yanakwisha.

Msomaji anaweza kuuliza, hayo yanamhusu nini mtu aliyerudi nyumbani kutoka kambini, au mama anayeuza vitenge Mugina? Yanamhusu sana. Mtoto wa shule akitafuta kwa simu habari za nchi yako, mara nyingi moja ya kurasa za kwanza anazopata ni ya kamusi hiyo. Picha iliyowekwa pale ndiyo sura yako mbele ya wageni, upende usipende.

Karatasi za picha

Picha nyingi zinazotumika katika kamusi hiyo zimehifadhiwa katika ghala la pamoja liitwalo Wikimedia Commons, lililofunguliwa Septemba 7, 2004. Leo lina faili zaidi ya milioni 100. Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine zote huchota humo humo.

Sharti la kuingia ghalani ni moja. Picha iwe ya yule anayeipakia, au iwe imekwisha muda wa hakimiliki, au mwenyewe awe ameitoa kwa leseni huru. Leseni huru maana yake mtu yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi afuate masharti kama kumtaja mpiga picha. Leseni inayokataza biashara haipokelewi.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapozuka. Kijana ana picha nzuri ya soko la kwao. Ameipata kwenye WhatsApp, au ameichukua kwenye tovuti ya gazeti. Anaipakia kwa nia njema. Kesho yake anakuta bango linalosema picha inapendekezwa kufutwa, na anawaka. Anaamini kuna watu huko mbali wasiotaka soko la kwao lionekane.

Mara nyingi hakuna anayelichukia soko lake. Swali ni lile lile la forodha: nani aliyeipiga, na ametoa ruhusa? Ombi la kufuta huachwa wazi kwa kawaida siku 7 ili kila mwenye hoja ailete. Kama mpiga picha ni mtu mwingine, anaweza kutuma barua pepe ya ruhusa kwa kikosi cha wahariri waliokabidhiwa kazi ya kusoma barua hizo kwa siri. Wakiridhika, wanaweka alama ya ruhusa kwenye ukurasa wa picha na neno limekwisha.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ruhusa ya namna hiyo ikishatolewa hairudishwi. Mwenye picha asikurupuke kuitoa kwa sababu amebembelezwa.

Ugomvi wa umiliki uliovuma kuliko yote ulihusu mnyama. Mwaka 2011 zilisambaa picha za kima wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, aliyebonyeza mwenyewe kamera ya mpiga picha Mwingereza, David Slater. Picha zikaingizwa ghalani. Slater akataka ziondolewe, akisema yeye ndiye aliyesafiri, aliyeandaa kamera na aliyevumilia mpaka wanyama wakamzoea. Wahariri wakajibu kwamba aliyepiga ni kima, na kima hana hakimiliki.

Desemba 2014 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitamka kwamba haisajili kazi iliyofanywa na mnyama. Shirika la kutetea wanyama la PETA nalo likaenda mahakamani mwaka 2015 likidai kwamba haki ni za kima, na Aprili 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani ikalikatalia. Picha zilibaki ghalani. Slater alilalamika kwamba zilimpotezea kipato, na wapo wahariri waliomwonea huruma. Kuamua kwa kanuni hakumfurahishi kila mtu.

Mama wa kwenye picha

Ugomvi wa pili hauhusu mwenye picha, unahusu aliyemo ndani ya picha. Huu nimeuona kwa karibu.

Mama mmoja wa kusini mwa Burundi, mmoja wa mamia ya maelfu ya Warundi waliorejea kutoka Tanzania baada ya mwaka 2002, alinijia akiwa na karatasi iliyochapwa kwenye kibanda cha kompyuta. Anapeleka mawese Manyovu na kurudi na vitenge. Alikuwa amesikia kwamba mimi ninaandika "mambo ya kwenye intaneti".

"Mwanangu, huyu ni nani?" aliniuliza.

Alikuwa yeye, miaka mingi nyuma, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, mbele ya lori. Uso ulionekana wazi kabisa. Chini ya picha palikuwa na maneno: "Wakimbizi wa Kongo wakiwa Kigoma, 2008."

Angeweza kucheka tu na kuiweka ukutani. Lakini karatasi hiyo hakuichapa yeye. Ililetwa kwenye kikao cha wazee na mtu waliyekuwa wakigombania shamba, aliyetaka wazee waone kwamba mama huyo ni mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, na ardhi anayoidai si ya baba yake. Kwa mtu aliyerudi akakuta mwingine analima kwao, maneno machache chini ya picha si mchezo.

"Nimekaa kambini miaka mingi nikiitwa mkimbizi," alisema. "Nimerudi kwetu, sasa naambiwa mimi Mkongo. Nitakuwa raia lini?"

Jioni ile nilifungua makala hiyo nikaondoa neno Kongo. Kesho yake asubuhi mhariri mwingine, aliyejitambulisha kuwa yuko Dar es Salaam, alikuwa amelirudisha. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Leta chanzo."

Wahariri wengi hapo ndipo wanapoharibu. Mmoja anafuta, mwenzake anarudisha, huyu anafuta tena. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza kuna kanuni kwamba mhariri akirudisha nyuma kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 katika saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kufungiwa, hata kama anasema kweli. Sisi wa Kiswahili ni wachache, lakini busara ni hiyo hiyo. Niliacha makala kama ilivyo nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano.

Kwanza niliandika wazi kwamba ninamfahamu mtu aliyemo pichani. Mwenye uhusiano na jambo anatakiwa kulisema mapema, ili wenzake wapime maneno yake wakijua anasimama wapi. Kisha nikaeleza kwamba maelezo ya picha hayana msingi.

Ndugu yule wa Dar es Salaam hakuwa mkorofi. Alisema kila mtu anaweza kuja akadai kwamba anamjua aliyemo kwenye picha, na kamusi haiwezi kuandikwa kwa habari za "niliambiwa". Alikuwa na hoja. Mama alikuwa na karatasi zake za kurejea, lakini hakutaka zianikwe mbele ya dunia nzima, na mimi nisingemshauri afanye hivyo.

Tukarudi kwenye chanzo, yaani ukurasa wa picha kule ghalani. Mpiga picha mwenyewe aliandika maneno machache: Kigoma, mwaka, na neno wakimbizi. Kongo haikutajwa. Neno hilo liliongezwa na mtu mwingine katika lugha nyingine, aliyekuwa akitafuta picha yoyote ya kupamba makala yake, na mtafsiri wa Kiswahili akalichukua hivyo hivyo. Hivyo ndivyo uongo unavyosafiri bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Tulimwandikia mpiga picha kwenye ukurasa wake. Zilipita siku 9 kimya. Ya kumi akajibu kwamba siku ile alikuwa akipiga msafara wa Warundi wanaorejea nyumbani, na akapakia picha nyingine mbili za msafara ule ule zilizoonyesha hivyo bila utata. Akasahihisha maelezo yake mwenyewe. Ndugu yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyewahi kubadilisha makala, kabla yangu, akaandika: "Warundi wakirejea kwao, 2008."

Likabaki suala la uso. Yeye aliona picha ibaki, kwa kuwa ilipigwa hadharani, leseni ipo na maelezo sasa ni sahihi. Mimi nilisema makala inahusu safari ya watu wengi, na uso wa mtu mmoja asiyeutaka hauongezi elimu yoyote. Tulizunguka hapo siku tatu.

Aliyetutoa ni mhariri wa tatu, dada mmoja tusiyemjua, aliyesoma mabishano yetu yote kisha akauliza swali moja: je, ile picha ya pili ya mpiga picha, yenye malori, magodoro na baiskeli, haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo? Iliweza. Wote wawili tukakubali. Kule ghalani tulipeleka ombi, na baada ya majadiliano mkabidhi aliamua picha ya kwanza ibaki lakini sura ifichwe, na nakala ya zamani isionekane tena kwa wasomaji.

Sitasema kwamba kamusi ilimpa mama yule shamba. Shamba liliamuliwa na wazee kwa ushahidi wa majirani waliomjua baba yake. Lakini kwenye kikao kilichofuata karatasi ile ilikuwa imekosa nguvu, kwa sababu ukurasa wenyewe ulishasema kitu kingine na ulionyesha nani aliyesahihisha, siku gani na kwa hoja ipi.

Hoja, si idadi ya vichwa

Watu wengi wanadhani mabishano ya namna hii humalizwa kwa kura. Sivyo. Wanaotoa maoni huandika "ibaki" au "iondolewe", lakini anayefunga mjadala hutakiwa kupima hoja. Watu 20 walioandika "naipenda" wanaweza kushindwa na mtu mmoja aliyeonyesha kwamba picha imeibwa. Lengo ni maafikiano, maana yake uamuzi ambao hata asiyeridhika anaweza kuishi nao.

Kwa Mrundi hilo si jambo geni. Bashingantahe walipokaa kusikiliza ugomvi wa mlimani, hawakuhesabu nani amekuja na ndugu wengi. Walisikiliza pande zote, wakapima, wakatafuta njia ya watu hao kuendelea kuchota maji kisima kimoja. Tofauti ni kwamba mushingantahe anakujua tangu utoto wako, wakati mtandaoni msuluhishi hajui hata kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Anachokiona ni maandishi yako tu.

Ngazi zenyewe zinapandwa moja baada ya nyingine. Kwanza wagomvi wawili wazungumze. Wakishindwa, aitwe mtu wa tatu. Ikishindikana, swali litangazwe ili wahariri wengine watoe maoni, na kwenye Wikipedia ya Kiingereza tangazo hilo hukaa kwa kawaida siku 30. Juu kabisa pale kuna Kamati ya Usuluhishi, lakini hiyo huhukumu mwenendo wa watu, haichagui picha. Wikipedia nyingi ndogo hazina kamati ya namna hiyo, kwa hiyo kwetu mtu wa tatu mwenye subira ana thamani kubwa.

Ramani nayo ni picha

Ugomvi wa tatu ni wa ramani, na wafanyabiashara wa mipakani wanauelewa bila kufundishwa.

Chukua Ziwa Nyasa. Tanzania inaliita hivyo, Malawi inaliita Ziwa Malawi, na Msumbiji inasema Niassa. Malawi inadai kwamba kaskazini ziwa lote ni lake hadi ufukwe wa Tanzania, ikitegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Mwaka 2012 mzozo huo ulipamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Sasa mchora ramani wa kujitolea apitishe mstari wapi?

Akiuchora ufukweni amekuwa Mmalawi, na akiuchora katikati amekuwa Mtanzania. Njia inayokubalika ni kuchora madai yote mawili kwa alama tofauti na kueleza pembeni nani anadai nini. Kwenye ramani nyingi za nchi katika kamusi hiyo, eneo ambalo nchi inalitawala hupakwa kijani kilichokolea, na lile inalolidai bila kulitawala hupakwa kijani hafifu. Kazi ya kamusi ni kueleza ugomvi wa mpaka. Kuumaliza ni kazi ya serikali.

Hata sehemu ndogo ina uzito. Kati ya Burundi na Rwanda kuna Sabanerwa, mashamba ya kilometa za mraba 2 hivi katika bonde la Rukurazi, yaliyozua mabishano kwa sababu mto Kanyaru, ambao Wanyarwanda huuita Akanyaru, ulihama mkondo baada ya mvua kubwa za mwaka 1965. Kwenye ramani ya dunia eneo hilo halionekani, lakini anayelima pale analiona kila asubuhi.

Kuna pia ramani ambazo hazina mgomvi ila zimezeeka. Mwaka 2025 Burundi iliacha mikoa 18 ikabaki na mitano, na komini 119 zikawa 42. Mtu aliyekimbia akijua kwao ni Makamba, leo karatasi zake zinasema Burunga. Aliyetoka Muyinga anaambiwa Buhumuza. Wahariri wenye haraka walitamani ramani za zamani zifutwe mara moja.

Hoja iliyo bora ni kwamba zisifutwe. Aliyerudi ana vyeti vya kuzaliwa na karatasi za ardhi vyenye majina ya zamani, na ramani ya mikoa 18 ndiyo itakayomsaidia karani kijana kuelewa komini hiyo ilikuwa wapi. Kinachotakiwa ni mwaka chini ya ramani. Ramani mpya ikae juu kama hali ya leo, ya zamani ikae chini kama historia.

Ndivyo ilivyo hata kwa picha za Soko Kuu la Bujumbura. Soko hilo liliteketea kwa moto Januari 27, 2013, na wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji wa maisha yao. Picha ya soko likiwa limejaa watu ni kumbukumbu ya thamani, lakini bila mwaka chini yake ni upotoshaji.

Pale heshima inapogongana na elimu

Ugomvi mgumu kuliko yote ni ule ambao picha ina leseni, maelezo ni sahihi, na bado inawaumiza watu.

Mapema mwaka 2008 makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kutaka Wikipedia ya Kiingereza iondoe michoro ya zamani ya Kiajemi na Kituruki inayomwonyesha Mtume Muhammad (SAW). Wahariri walikataa, wakisema kamusi haifuati makatazo ya kundi lolote, lakini wakaweka maelezo ya jinsi msomaji anavyoweza kuzificha asizione yeye mwenyewe. Mjadala ukarudi tena kwa urefu mwaka 2012, na michoro ikabaki. Waislamu wengi hawakuridhika, na kutoridhika kwao kunaeleweka.

Mwaka 2009 walilalamika wanasaikolojia. Daktari mmoja wa Kanada alikuwa ameweka picha zote 10 za wino za Hermann Rorschach, ambazo hutumika kupima wagonjwa. Wataalamu walisema mgonjwa akiziona mapema kipimo kinaharibika. Wahariri walijibu kwamba picha zilichapishwa mwaka 1921, mchoraji alifariki mwaka 1922, na hakimiliki imekwisha. Zikabaki.

Mwaka 2011 bodi ya taasisi inayoendesha kamusi ilitaka kiwepo chombo cha kumwezesha kila msomaji kuficha picha asizozitaka. Watu zaidi ya 20,000 walitoa maoni yao. Wahariri wa Kijerumani, kwa zaidi ya asilimia 80, walipinga wakihofia kwamba serikali zingekitumia kufungia habari. Julai 2012 bodi ikaachana na mpango huo. Wenye pesa na seva walirudi nyuma mbele ya watu wasiolipwa hata senti.

Kwa maoni yangu, udhaifu wa utaratibu huu hauko kwenye kanuni. Uko kwenye nani yupo barazani. Anayejua Kiingereza vizuri, mwenye umeme usiokatika na saa za kutosha za kubishana, hupata nafasi kubwa kuliko mama wa Mugina ambaye ndiye aliyemo pichani. Maafikiano ya watu waliohudhuria si lazima yawe haki kwa wasiokuwapo.

Dawa ya hilo ni kuhudhuria. Tangu mwaka 2014 limekuwapo shindano la picha liitwalo Wiki Loves Africa, ambalo mwaka huo lilianza na vyakula vya bara letu, na mwaka 2017 likahusu watu wakiwa kazini. Waliopeleka picha zao waliijaza kamusi na sokoni, jikoni na karakana kama zinavyojulikana na wenyeji. Nchi ambayo watu wake hawapigi picha itaonyeshwa kwa picha za wapita njia, na wapita njia hupiga kinachowashangaza.

Ukikuta picha yako

Nimalizie kwa mambo ambayo msomaji anaweza kuyafanya mwenyewe, au kumwomba kijana wake mwenye simu amfanyie.

Ukikuta picha yako, ya mtoto wako au ya duka lako yenye maelezo ya uongo, usianze kwa matusi wala kwa kufuta ukurasa mzima. Bonyeza picha yenyewe. Utapelekwa kwenye ukurasa wake, na hapo utaona nani aliipakia, siku gani na kwa maelezo gani. Andika kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa Kiswahili chako, ni nini si kweli na kwa nini.

Kama shida ni aibu au usalama wako, sema hivyo bila kuanika siri zako. Karatasi za kambini, kipande na namba ya simu visiwekwe hadharani kamwe. Kuna njia ya barua pepe kwa mambo ya siri.

Ukipiga picha ya soko, kivuko au mavuno, andika mahali na tarehe siku ile ile. Ukitaka kuitoa, itoe ukijua kwamba hata mwenye kiwanda cha kalenda ataweza kuitumia. Usipakie ya mwenzako. Na ukimpiga mtu uso kwa uso, muulize kwanza. Siku moja anaweza kuwa amesimama mbele ya wazee, na picha hiyo ikawa mkononi mwa mgomvi wake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nazo ni mali, na daftari lake ni yale maneno machache chini yake: nani, wapi, lini, na kwa ruhusa ya nani.